Bangua kwanza, jumlisha baadaye: mwongozo kamili wa kurahisisha na kuunganisha vipeuo vya pili

Jioni moja hapa Mikindani, binti wa kidato cha pili aliniletea daftari lake barazani. Alikuwa ameandika √8 + √18 = √26, na chini yake amepiga mistari miwili kwa rula, imenyooka kabisa. "Mwalimu, mbona nimekoseshwa? Nane na kumi na nane si ishirini na sita?"

Ni ishirini na sita kweli. Kosa lake ni kwamba amejumlisha kabla ya wakati. Nimelikuta kosa hilohilo kwa wanafunzi wa Mtwara mjini, kwa watoto wanaokuja likizo kutoka Masasi na Newala, hata kwa watu wazima wanaorudia mtihani. Wote wanajua kuzidisha, na hakuna aliye mvivu. Wamekosa mpangilio wa kazi tu, na mpangilio huo ndio nitakaouandika hapa, hatua kwa hatua. Darasani utasikia watu wakisema "skwea ruti". Hapa nitaita kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata ile iliyo chini ya alama, na alama yake ni √.

## Vitu vya kuandaa

Daftari la miraba, penseli na raba. Usianze na kalamu ya wino, maana utafuta sana mwanzoni na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Jedwali la kuzidisha mpaka 12 mara 12, liwe kichwani. Kama halijakaa sawasawa, lipe siku tatu kabla ya kuendelea. Mtu anayesitasita kwenye 6 mara 8 atachoka katikati ya swali, kisha atadhani vipeuo ndivyo vigumu.

Kikokotoo cha simu, kwa kuhakiki jibu tu. Kikae mbali mpaka umalize.

Majina mawili tutayatumia mpaka mwisho. Katika 6√2, ile 2 iliyo chini ya alama ni namba ya ndani. Ile 6 ni namba ya mbele, na maana yake ni 6 mara √2.

## Hatua ya 1: Andika namba mraba pembeni mwa ukurasa

Namba mraba ni ile inayopatikana kwa kuzidisha namba nzima kwa yenyewe. Ziandike kila unapoanza zoezi, hata kama unazijua:

1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64, 81, 100, 121, 144, 169, 196, 225

Hizi ndizo namba ambazo vipeuo vyake vya pili hutoka vizima: √49 ni 7, √144 ni 12. Zikiwa mbele ya macho, jicho lako litaziona zimejificha ndani ya namba nyingine, na kazi yote iliyobaki ni ya kuzitafuta.

## Hatua ya 2: Bangua kila kipeuo peke yake

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mkazi yeyote wa huku amewahi kuona korosho ghafi ikibanguliwa. Kwa nje ni ganda gumu la kijivu, huoni cha kula. Ukipasua ganda unapata punje nyeupe, na hapo ndipo unaweza kulinganisha hii na ile, hii gredi gani na ile gredi gani. √8 na √18 ni korosho ghafi. Kwa nje hazifanani. Zibangue uone kilichomo.

Njia ya kwanza: tafuta namba mraba kubwa inayogawanya namba ya ndani.

Chukua √72. Nusu ya 72 ni 36. Anzia kwenye namba mraba isiyozidi nusu hiyo, kisha teremka. Tunaanzia nusu kwa sababu 72 yenyewe si namba mraba, hivyo ukiigawa kwa namba mraba, jibu haliwezi kuwa chini ya 2. Hapa tuna bahati: 36 inagawanya 72 mara 2 kamili.

√72 = √(36 × 2) = √36 × √2 = 6√2

Jaribu √75. Nusu yake ni 37 na kitu. 36 haigawanyi 75. Teremka: 25 inagawanya, mara 3. Basi √75 = √(25 × 3) = 5√3.

Kwa nini tunaruhusiwa kuitenganisha alama namna hii? Kwa sababu kipeuo cha pili kinaelewana na kuzidisha. Jaribu kwa namba unazozijua: √4 × √9 ni 2 × 3, yaani 6. Na √(4 × 9) ni √36, nayo ni 6. Kanuni hii ni kweli kwa namba zote za ndani zisizo hasi. Ni ya kuzidisha na kugawanya. Kwenye kujumlisha na kutoa haipo, nitakuonyesha kwa nini tukifika Hatua ya 4.

Njia ya pili: vigawo tasa.

Namba ikiwa kubwa na namba mraba haionekani haraka, ivunjevunje mpaka zibaki namba tasa tupu, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Chukua √540:

540 = 2 × 2 × 3 × 3 × 3 × 5

Zungushia jozi. Kuna jozi ya 2 na jozi ya 3. Kila jozi inatoka nje ya alama kama namba moja. Zilizobaki bila mwenza, yaani 3 moja na 5 moja, zinakaa ndani.

√540 = 2 × 3 × √(3 × 5) = 6√15

Mimi nawashauri wanaoanza watumie njia ya pili kwa wiki nzima hata kama ni ndefu. Haihitaji kubahatisha. Ya kwanza itakuja yenyewe mkono ukizoea.

### Tahadhari tatu za hatua hii

*Jozi ikitoka, inatoka moja.* 3 × 3 ndani ya alama inatoka kama 3. Wengine huitoa kama 9, kisha wanashangaa jibu limevimba.

*Kinachotoka kinazidishwa na kilichokuwa mbele.* Katika 3√8, ndani kuna 4 × 2, na 4 inatoka kama 2. Hiyo 2 inakutana na 3 iliyokuwa nje: 3 × 2 = 6, jibu ni 6√2. Anayeandika 5√2 amejumlisha 3 na 2. Kumbuka 3√8 maana yake ni √8 mara tatu. Ukifungua kimoja ukapata 2√2, vyote vitatu vitakuwa 6√2.

*Usiache korosho nusu ganda.* Mtu anaweza kuandika √72 = √(9 × 8) = 3√8 akafunga daftari. Hajakosea, ila hajamaliza, kwa sababu 8 bado ina 4 ndani yake. Aendelee: 3√8 = 3 × 2√2 = 6√2. Ni jibu lilelile, kwa njia ndefu kidogo.

### Utajuaje umefaulu?

Tazama namba ya ndani iliyobaki. Kama hakuna namba mraba kubwa kuliko 1 inayoigawanya, umemaliza. Kisha rudi kinyumenyume: zidisha namba ya mbele kwa yenyewe, halafu kwa ya ndani. Kwa 6√2: 6 × 6 = 36, mara 2 ni 72. Tumerudi tulikotoka. Uhakiki huu hauchukui hata nusu dakika, na nakuomba usiuruke.

## Hatua ya 3: Panga wa familia moja pamoja

Vipeuo ni wa familia moja kama namba zao za ndani, baada ya kubanguliwa, ni zilezile. 5√2 na 3√2 ni ndugu. 5√2 na 5√3 si ndugu, ingawa namba za mbele zinafanana.

Fikiria ghala la ushirika. Magunia 3 ya korosho na magunia 2 ya korosho ni magunia 5 ya korosho. Lakini magunia 3 ya korosho na magunia 2 ya ufuta unayaandika kwenye mistari miwili ya kitabu, huwezi kusema "5 za korosho". √2 na √3 nazo zinaandikwa kila moja kwenye mstari wake.

Chora mstari wa wima katikati ya ukurasa, familia moja kushoto na nyingine kulia. Beba kila kipeuo pamoja na alama iliyo mbele yake, ya kujumlisha au ya kutoa. Alama ya kutoa ikidondoka njiani, jibu zima linaharibika.

## Hatua ya 4: Jumlisha namba za mbele, namba ya ndani usiiguse

Turudi kwa binti yetu:

√8 + √18 = 2√2 + 3√2 = 5√2

Namba za mbele 2 na 3 zimekuwa 5. √2 imebaki √2, kama vile korosho zilivyobaki korosho baada ya kuhesabu magunia.

Sasa hoja yake ya √26. Sikumwambia tu kwamba amekosea, nilimwomba akadirie. √8 ni karibu 3, kwa sababu √9 ni 3. √18 imepita 4, kwa sababu √16 ni 4. Basi jumla yake lazima iwe 7 hivi. Je, √26 ni ngapi? √25 ni 5, kwa hiyo √26 imepita 5 kidogo tu. Alinyamaza, akaitazama ile mistari yake miwili, kisha akaomba raba.

Kama bado moyo wako unasita, waulize mafundi wa ujenzi. Wanapotaka kona ya msingi ikae mraba, wanapima 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, na kamba ya kukata kona inatoka 5. Sasa √9 ni 3, √16 ni 4, jumla yake ni 7. Lakini √(9 + 16) ni √25, yaani 5. Kupitia pembeni mwa kiwanja unatembea 7, kukatiza katikati unatembea 5. Ni njia mbili tofauti, na hakuna fundi atakayezichanganya.

Swali refu kidogo, lenye familia mbili:

2√27 + √12 − √45 + √5

Bangua kila kimoja:
- 2√27 = 2 × 3√3 = 6√3
- √12 = 2√3
- √45 = 3√5
- √5 haina cha kutoa, inabaki √5

Panga: 6√3 + 2√3 upande mmoja, −3√5 + √5 upande mwingine.

Jumlisha: 8√3 − 2√5. Hapo ndipo mwisho. Usijaribu kuliunganisha jibu hilo zaidi, familia ni mbili na zitabaki mbili.

Ile √5 iliyokaa peke yake ina 1 isiyoandikwa mbele yake. −3 na 1 ni −2. Wanaoisahau huihesabu kama sifuri na kuandika −3√5. Mpaka uzoee, iandike hiyo 1 kwa penseli.

Hakiki kwa kikokotoo. Swali: 10.392 + 3.464 − 6.708 + 2.236 = 9.384. Jibu: 13.856 − 4.472 = 9.384. Zikilingana hivi, unaweza kulala.

## Hatua ya 5: Kipeuo kikikaa kwenye asili ya sehemu

Kuna maswali kama √12 + 6/√3. Ukiyatazama hivihivi huoni undugu, kwa sababu √3 imekaa kwenye asili. Zidisha kiasi na asili kwa √3. Umezidisha kwa √3/√3, ambayo ni 1, hivyo thamani haibadiliki.

6/√3 = (6 × √3)/(√3 × √3) = 6√3/3 = 2√3

Sasa √12 ni 2√3. Jumla: 4√3.

Usizidishe asili peke yake. Hilo linabadilisha swali lenyewe.

## Hatua ya 6: Herufi zikiingia

Kanuni ni ileile ya jozi. x³ ni x × x × x, yaani jozi moja na mpweke mmoja. Tukichukulia kwamba x si hasi:

√(18x³) = √(9 × 2 × x × x × x) = 3x√(2x)

Sharti hilo la x kutokuwa hasi lina maana yake. Kama x ni −5, basi x² ni 25, na √25 ni 5, si −5. Alama ya √ hutoa jibu lisilo hasi siku zote. Vitabu vingi huandika "x > 0" mwanzoni mwa zoezi na wanafunzi hupita bila kusoma.

Kuunganisha: √(50x³) − x√(8x) = 5x√(2x) − 2x√(2x) = 3x√(2x). Familia hapa ni √(2x), na vilivyo mbele ni 5x na 2x.

## Shambani: kamba ya mita ngapi?

Sipendi mwanafunzi abaki na kazi hii kwenye karatasi tu. Mkorosho unashauriwa kupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Ukisimama kwenye mkorosho mmoja ukautazama ule wa kona ya pili ya mraba, umbali wa kukatiza ni √(12² + 12²) = √288. Ndani ya 288 kuna 144 mara 2, basi ni 12√2.

Tuseme jirani yako ameacha mita 15 kwa 15. Kwake umbali huo ni √450, yaani 15√2. Mnataka kununua kamba moja itakayotosha mistari yote miwili ya kukatiza.

Kwa njia sahihi: 12√2 + 15√2 = 27√2, karibu mita 38.2.

Aliyejumlisha ndani ya alama: √(288 + 450) = √738, karibu mita 27.2.

Amepungukiwa mita 11. Kamba yake itaishia njiani, karibu urefu mzima wa nafasi ya mkorosho mmoja na mwenzake. Nimewahi kuwapeleka wanafunzi uwanjani na vigingi, tepu na kamba mbili, moja ya kila jibu. Aliyeshika ile fupi akaivuta mpaka ikakaza, kigingi bado kiko mbali. Sikuhitaji kueleza tena.

## Mazoezi ya kujipima

Fanya yote sita bila kikokotoo.

1. √20 + √45
2. √75 − √12 + √27
3. 3√8 − √50 + √32
4. 2√24 + √54 − √6
5. √63 + √28 − √20
6. √18 + 4/√2

Majibu: (1) 5√5, (2) 6√3, (3) 5√2, (4) 6√6, (5) 5√7 − 2√5, (6) 5√2.

Ukikosa, usifute haraka. Jibu lisilo sahihi linaonyesha ulipoteleza:

- Kama la 1 limekuja √65, umejumlisha ndani ya alama. Rudi Hatua ya 4, usome habari ya mafundi.
- Kama la 2 limekuja 3√10, ni kosa hilohilo, ila √90 uliyoipata ilibanguka vizuri ikakudanganya kwamba uko sawa. Bangua kabla ya kujumlisha.
- Kama la 3 limekuja 4√2, ulijumlisha 3 na 2 badala ya kuzidisha. Ni tahadhari ya pili katika Hatua ya 2.
- Kama la 4 limekuja 7√6, umeisahau ile 1 isiyoandikwa mbele ya √6.
- Kama la 5 limekuja 3√2, umetoa 2 kwenye 5 na 5 kwenye 7. Zile ni familia mbili, rudi Hatua ya 3.
- Kama la 6 limebaki 3√2 + 4/√2, hujakosea, ila asili bado ina kipeuo. Fanya Hatua ya 5 kisha uunganishe.